Kitambi, moyo na "gesi" ya usiku

Swali: Kitambi kinahusianaje na moyo?
Mafuta ya mapajani na makalioni hukaa chini ya ngozi na hayana madhara makubwa. Ya kitambi hujipenyeza ndani, kuzunguka ini na utumbo. Huko hupandisha presha, sukari na mafuta ya damu, na mishipa ya moyo huzidi kuwa myembamba. Kwa hiyo mwenye miguu myembamba na tumbo la mbele asijione salama.

Swali: Nitajuaje limezidi?
Chukua uzi wenye urefu wako, utosini hadi kisigino. Ukunje katikati, uuzungushe tumboni kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Ncha zisipokutana, limezidi. Kwa tepe ya fundi cherehani, hatari huanzia sm 94 kwa mwanamume na sm 80 kwa mwanamke. Usipime juu ya kanga, wala usivute tumbo ndani.

Swali: Kifua kikibana usiku, si gesi tu?
Hapana! Hapa ndipo tunapopoteza watu. Kifua kinakuwa kizito kama kimebebeshwa gunia la korosho, jasho baridi linatoka, maumivu yanashuka mkono wa kushoto au yanapanda tayani. Mgonjwa anapewa soda na magadi, anaambiwa alale. Maumivu ya namna hiyo yakipita dakika 15, yahesabu ni ya moyo mpaka kipimo cha umeme wa moyo kikanushe.

Swali: Nikicheua napata nafuu. Bado niende?
Nenda. Kucheua hakuzibui mshipa. Damu ikiganda ndani yake, nyama ya moyo inakufa dakika kwa dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge hilo hufaa zaidi saa za mwanzo. Zikipita 12, faida imeshapungua sana. Aliyeko Liwale au Tandahimba asisubiri kukuche wala asifikirie kwanza hospitali za mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi): aanzie hospitali ya wilaya, usiku huohuo.

Swali: Mimi nina sukari, kifua hakiumi.
Huenda kisiume kabisa. Pumzi kukata ghafla, kichefuchefu na kulegea vinatosha. Nenda.

Swali: Nifanye nini kabla ya kufika?
Kaa, usitembee. Tafuta gari, ukipanda bodaboda ukazimia, utaanguka. Tafuna aspirini ya mg 300, isipokuwa una mzio nayo au unatokwa damu tumboni.

Swali: Na kitambi chenyewe?
Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, hata msimu wa korosho ukiwa umekulipa nauli ya bodaboda. Acha soda, punguza pombe na chapati. Chai za kukata tumbo ziacheni dukani.