Eben Low hakuiga ufundi wa Texas

Ninafanya kazi ya ranchi, na kila nimtajapo Eben Low, mpanda farasi na mfugaji wa Hawaii, mbele ya wapenda farasi hupata jibu lile lile: kwamba alikuwa Mmarekani aliyepeleka visiwani humo ufundi wa Texas wa kuchunga ng'ombe kwa farasi na kamba. Safari hii nimeona niandike, kwa sababu kosa hilo linawanyima haki yao watu wa Hawaii.

Low alizaliwa Honolulu mwaka 1864, Hawaii ikiwa bado ufalme, na alikuwa kitukuu wa John Palmer Parker, mwasisi wa Ranchi ya Parker huko Waimea. Ng'ombe waliletwa Hawaii na nahodha George Vancouver mwaka 1793 kama zawadi kwa Mfalme Kamehameha, naye akapiga marufuku kuwachinja, wakazaliana hadi wakawa wanyama wa mwitu wanaovamia mashamba. Farasi walifika mwaka 1803. Katika miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu aliwaita wapanda farasi wa Kimeksiko kutoka California wawafundishe raia wake kazi ya kamba na tandiko. Watu wa Texas nao walijifunza kwa Wameksiko, lakini zile safari ndefu za kuswaga ng'ombe zilizowapa sifa zilishamiri baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, wakati Hawaii ilikuwa na wapanda farasi wake kwa miaka thelathini na zaidi.

Kinachonikera zaidi ni kudhani kwamba kazi ni ile ile popote. Kwenye miteremko ya mlima Mauna Kea wa Hawaii, fahali wa mwitu alinaswa kwa kamba ya ngozi iliyosukwa, akafungwa mtini mpaka nguvu zimwishe, kisha akaunganishwa shingo kwa shingo na maksai mzoefu aliyejua njia ya kurudi zizini. Pwani, ambako hapakuwa na gati, mpanda farasi aliingia baharini akimvuta ng'ombe mmoja mmoja hadi kwenye mashua. Ng'ombe walifungwa vichwa ubavuni mwa mashua, wakakokotwa wakiogelea hadi melini, wakapandishwa kwa mkanda uliopitishwa chini ya tumbo. Farasi wa kazi hiyo lazima astahimili wimbi linalompiga kifuani huku kamba imekaza nyuma yake, na anayefundisha farasi anajua kwamba hilo halipatikani kwa mazoezi ya uwanjani.

Low alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya kamba, akaendelea kutupa kitanzi kwa mkono uliobaki. Watu huishia kwenye mkono huo. Mimi humstahi zaidi kwa umeneja wake wa Puuwaawaa, ranchi aliyoianzisha na Robert Hind mwishoni mwa karne ya 19 kwenye mteremko wa kaskazini wa mlima Hualalai, mahali pakavu, penye mwamba wa volkano unaomeza mvua na pasipo mto wa kudumu. Kupanda farasi vizuri hakumnyweshi ng'ombe hata mmoja katika ardhi kama ile.

Vitabu husifu ufugaji huu bila kusema kwamba ng'ombe wale wale waliangamiza sehemu kubwa ya misitu ya asili ya mlimani, na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa kazi hii, sina hakika kwamba faida ilizidi hasara.

Nina shaka pia juu ya mashindano ya kunasa ng'ombe kwa kamba, kwani sekunde za uwanjani hazipimi mwaka mzima wa malisho. Hata hivyo, mwaka 1908 Low aliwapeleka jamaa zake kushindana Cheyenne, Wyoming, Marekani bara, katika nchi ya hao wanaodaiwa kuwa walimu wao. Ikua Purdy, akiwa juu ya farasi wa kuazima, alimnasa na kumfunga maksai kwa sekunde 56 na kutwaa ubingwa. Archie Kaaua akawa wa tatu, Jack Low wa sita.