Kompaila iseme erro imetoka wapi, si kulalamika tu

Vijana wanaojifunza programu hapa Kisumu, wale walioanzia Java, malalamiko yao ni yale yale, ati kompaila (ile programu inayokagua na kutafsiri kodi) inawasumbua na hiyo throws, neno la kutangaza kwamba funksheni inaweza kurusha erro. Mimi huwa naitetea. Tangu 1996 Java inakwambia mapema kwamba hii funksheni inaweza kukwama kwa faili, so ama uishike hiyo erro ama umtangazie anayekuita. Iko sawa kabisa, shida inaanza pale funksheni inapopewa funksheni ingine.

Chukua ushirika wa maziwa wenye matawi, kila tawi na faili lake la kilo za asubuhi. Una somaTawi, inafungua faili, na kama karani hajatuma inarusha erro. Halafu una kilaMoja, inapokea orodha na funksheni yoyote ile, inaipitisha kwa kila kitu kwa orodha. Sasa niambie, kilaMoja inarusha erro ama hairushi?

Inategemea umeipa nini, na hiyo "inategemea" ndiyo Java haina njia nzuri ya kuiandika. Lamda (funksheni ndogo zisizo na jina) zilipokuja na Java 8 mwaka wa 2014, ile Function ya kawaida, taipu ya funksheni unayoipitisha, haikuruhusu IOException (erro ya faili) ipite, kwa hivyo watu wanaifunga ndani ya erro ambayo kompaila haiikagui, na mambo yanaendelea, na ukaguzi wote umeisha hapo hapo. Waliounda lugha za C# na Kotlin waliamua hata wasijisumbue na ukaguzi huu.

Dawa ilishaandikwa 1988 na watafiti Lucassen na Gifford: athari za kilaMoja (yaani mambo kama kurusha erro) ziwe ni zile za f, hiyo funksheni inayopewa, yoyote itakayokuja. Lugha ya Koka inaziweka ndani ya taipu ya funksheni. Kwa lugha ya Nim unaandika effectsOf: f, na hapo kompaila ikikagua ndani ya kilaMoja inajifanya f haina neno, halafu pale unapoipa somaTawi ndipo inamwekea aliyeita hiyo IOError, erro ya faili ya Nim. Tangu Nim 2.0 ya 2023 ukali huu umewashwa wenyewe. Lakini ukiiweka f kwa objekti uje kuiita baadaye, hiyo njia imekatika, kompaila inabidi idhani chochote kinaweza kurushwa, isipokuwa taipu ya f yenyewe imetaja erro zake. Hapo ndipo wengi hukwama na kuanza kutukana.

Athari zingine, kama kugusa variabo ya globali, zinafuata njia hiyo hiyo. (Nim imekuachia debugEcho, inayochapisha kwa skrini huku ikidanganya haina athari, na mimi siilaumu, bila hiyo ungedibagi vipi?)

Kwa kompaila yangu ndogo ninayoiandika, kazi kubwa imekuwa ni ujumbe wa erro. Tuseme ripoti ni funksheni inayoita kilaMoja. "Ripoti inaweza kurusha IOError" haisaidii mtu. Nataka aone njia nzima: ripoti, kilaMoja, somaTawi, mstari wa kufungua faili, kwa hivyo kila athari inabeba mahali ilikotoka, na zikikutana mbili za aina moja nabakisha ile ya kwanza. Funksheni zinazoitana kwa mzunguko naanza nazo na orodha tupu ya athari, nazipitia tena na tena mpaka hakuna kinachoongezeka, na lazima isimame kwa sababu orodha huongezeka tu, haipungui, na aina za erro kwa programu moja zina mwisho.