Weusi wa ukingoni haumtambulishi klauni

"Huyu ana weusi mnene, basi ni percula." Percula na ocellaris ni spishi mbili za klauni, samaki wadogo wa baharini wanaofugwa tangini, na hufanana sana: wa chungwa wenye mikanda mitatu myeupe. Kauli hii imesikika Mombasa mara nyingi mno, na mara nyingi mno samaki mwenyewe akihesabiwa hukutwa na miiba 11 katika pezi la mgongo, yaani ni ocellaris aliyeuzwa kwa bei ya percula. Percula ni ghali zaidi, kwa hivyo kosa hili linagusa mfuko. Linagusa na uzazi pia, kwa sababu anayetafuta jozi safi ya kuzalisha huishia kupata machotara bila kujua.

Ni kweli kwamba Amphiprion percula kwa kawaida huwa na ukingo mweusi mpana kandokando ya mikanda yake mitatu myeupe, na Amphiprion ocellaris huwa na ukingo mwembamba kama wa kalamu, au hana kabisa. Lakini hiyo ni kawaida ya kundi, nawe unamtazama samaki mmoja. Percula mchanga huwa na weusi kidogo, unaoongezeka anavyokua. Ocellaris waliozalishwa kwenye matangi huchaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ajili ya rangi, na wengine hutoka na ukingo mzito kuliko wa percula wa baharini. Na huko Darwin, kaskazini mwa Australia, yuko ocellaris mwenye mwili mweusi tititi na mikanda myeupe. Anayefuata weusi atamwita huyo nani?

Hesabu miiba. Chukua kisanduku chembamba cha plastiki inayoonyesha, upana wa sentimita 4 hivi, ukijaze maji ya tangi lake mwenyewe, umtie samaki na ukiegemeze kwenye kioo. Mwache atulie mpaka anyanyue pezi la mgongo. Mpige picha kadhaa ubavuni, taa ya kamera ikiwa imezimwa, kwa sababu taa hurudi kwenye plastiki na kuficha pezi. Usipitishe dakika 10: maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na kisanduku kidogo katika joto letu la Machi huishiwa na hewa upesi. Mrudishe samaki, kisha ukuze picha na uhesabu kwa utulivu.

Anzia mwiba wa kwanza kabisa nyuma ya kichwa. Huo ni mfupi, na ndio watu wengi wanaouruka, kisha ocellaris wa 11 akageuka percula wa 10. Koma pale miiba migumu inapokwisha na vijiti laini, vinavyogawanyika nchani, vinapoanza. Ocellaris ana miiba 10 au 11, na 11 ndiyo kawaida yake. Percula ana 9 au 10, na 10 ndiyo kawaida. Kwa hiyo 11 ni ocellaris, 9 ni percula, na 10 humwelekea percula lakini haimalizi kazi.

Ukipata 10, nenda kwenye jicho. Duara linalozunguka mboni kwa percula ni la chungwa linalong'aa, hata mboni ikaonekana ndogo. Kwa ocellaris duara hilo limefifia na kuingia kijivu, kwa hivyo jicho zima huonekana kubwa na jeusi. Kisha tazama sehemu ya mbele ya pezi la mgongo: kwa ocellaris imesimama juu zaidi, kwa percula ni fupi. Alama tatu zikikubaliana, umempata. Zikipingana kwa samaki wa kufugwa, huenda ni chotara wa hawa wawili, na chotara asiuzwe wala kuzalishwa kwa jina la mzazi mmoja.

"Wa chungwa mwenye mikanda mitatu ni wetu, wapo tele hapo Nyali." Hasha. Ocellaris ni wa mashariki mwa Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki, na percula ni wa Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon na kaskazini-mashariki mwa Australia. Ukiambiwa samaki wa namna hiyo amevuliwa Shimoni jana, huna haja ya kuhesabu mwiba hata mmoja, mtilie shaka muuzaji. Wetu wa pwani ya Kenya ni wengine. Amphiprion allardi ana mwili wa kahawia iliyokolea hadi nyeusi, mikanda miwili myeupe, mapezi ya manjano au chungwa, na mkia mweupe. Mkia huo ushike sana, kwa sababu ndugu yake wa Bahari ya Shamu, Amphiprion bicinctus, hufanana naye lakini mkia wake ni wa manjano. Wa pili ni Amphiprion akallopisos, wa chungwa inayoelekea waridi, bila mkanda wowote ubavuni, ila mstari mmoja mweupe unaopita juu ya mgongo kuanzia katikati ya macho. Mstari ukifika hadi mdomo wa juu, huyo ni Amphiprion sandaracinos wa Pasifiki. Ukiona mstari wa mgongo pamoja na mkanda mwembamba nyuma ya jicho, ni Amphiprion perideraion, naye pia si wa huku.

"Mweusi ni dume, wa chungwa ni jike." Hizo mara nyingi ni spishi mbili, jamani. Klauni wote huanza wakiwa madume, na mkubwa kuliko wote kundini ndiye hugeuka jike, wala harudi tena kuwa dume. Kwa jozi, nunua wachanga wawili wa spishi moja, mmoja akimzidi mwenzake kidogo. Wawili waliokwisha kukomaa wakiwa wakubwa huenda wote ni majike, na mmoja atauawa.

"Ametoka kwenye anemoni ileile, basi ni wamoja." Anemoni ni mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, ambamo klauni hujificha. Anemoni aina ya Stichodactyla mertensii hukaliwa na allardi na akallopisos wote wawili, kwa hiyo nyumba haimtambulishi mpangaji. Wala klauni hahitaji anemoni tangini. Anemoni hutaka mwanga mkali na maji yasiyoyumba, na ikifa hupitisha sumu ya uozo kwa wote waliomo.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kulipa ni ukubwa atakaofikia. Allardi hukaribia sentimita 15 na hulinda eneo lake kwa meno. Usimtie tangi moja na jozi ya ocellaris hata kama leo wote wana sentimita 4. Mpe tangi lake la lita 200 au zaidi, na jozi ya ocellaris itatosheka na lita 100.