Tatizo la msafara si dada aliye nyuma

Nimeulizwa tena, safari hii na mama wa makamo anayetaka kujiunga na kikundi chetu cha wanawake wanaoanza kupanda milima, kama haingekuwa afadhali aende kwanza ukumbi wa mazoezi kwa miezi mitatu ili asije akatuchelewesha. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Wanaoniudhi ni waliomfundisha kuliuliza swali hilo.

Tuchukue Longonot, mlima wa volkano ambako wengi wetu wa Nairobi huanzia. Kutoka langoni mpaka ukingo wa kreta ni takriban kilomita 3, kuuzunguka ukingo wenyewe ni kilomita 7 na ushei, na kilele kina mita 2,776. Mtu anayevuka Barabara ya Thika kwa daraja la waenda kwa miguu asubuhi na jioni, akiwa na mizigo mkononi, ana miguu ya kumfikisha ukingoni. Wanaokwama njiani, kwa niliyoyaona, wengi wao walianza kwa mwendo wa mtu mwingine.

Hebu tazameni msafara ulioachwa ujiendeshe. Wenye miguu myepesi hutangulia, hufika kwenye kivuli cha kwanza, huketi, humenya machungwa na kupigana picha. Dada wa mwisho anapotokea, jasho likimchuruzika na vumbi la majivu limemjaa kwenye raba, humshangilia kwa moyo mkunjufu kabisa, kisha huinuka: "Haya, tumetimia, twende." Wao wamepumzika robo saa, yeye hata kifuniko cha chupa hajakifungua. Mchezo huo ukirudiwa kila kituo, aliyehitaji mapumziko kuliko wote ndiye pekee asiyeyapata, na jioni ataambiwa kwamba hakuwa fiti, huku kiongozi akisifiwa kwa uvumilivu wake!

Kwangu mapumziko huanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapoketi, na anayenung'unika hupewa kazi ya kufunga msafara. Mwendo nao hupimwa kwa mazungumzo: ukimuuliza mtu habari za watoto naye akajibu neno moja moja, mmekwenda mbio mno, hata kama mnajiona mnajikokota.

Wanaofundisha uongozi husema aliye mzito wa mwendo awekwe mbele, nyuma tu ya kiongozi. Mimi hufanya hivyo, ila si kwa utulivu wa moyo, kwa kuwa wapo ambao wakihisi macho ya watu visiginoni mwao huongeza mwendo kwa aibu, wakaishiwa nguvu mapema kuliko kama wangeachwa nyuma. Huyo humweka wa tatu au wa nne, na nyuma yake nikaweka msemaji mmoja asiyechoka kusimulia. Nani awe wapi, bado naamua kwa kuwatazama nyuso, na mara nyingine hukosea.

Kuhusu viatu nitasema machache: pawe na nafasi mbele ya vidole, maana kuteremka ndiko kunakovunja kucha, na mapaja yatauma kesho yake au keshokutwa, jambo ambalo si ugonjwa.

Maji ndiyo yenye siri. Mlimani hakuna pa kuchota, kwa hiyo kila mmoja hubeba lita 2, na wengine hurudi na moja na nusu, kwa sababu hawakutaka kwenda haja ndogo porini. Adhuhuri kichwa kinauma, nao husingizia urefu wa mlima, ilhali wanaishi katika jiji lililo mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo langoni, kabla hatujapiga hatua, nataja kwa sauti ya kawaida tutasimama wapi, nani watashika leso iwe pazia, na kwamba karatasi zote zitarudi mjini ndani ya mfuko wa mwenyewe. Nayasema mapema, kabla ya yeyote kuona haya ya kuuliza.