Alama za sekondari si mlango pekee wa shahada ya sheria

Anayekosa alama za kuingia kitivo cha sheria moja kwa moja kutoka sekondari huambiwa ndoto imekwisha. Si kweli, na inaumiza kuona watu wenye uwezo wakiiamini kauli hiyo.

Vyuo vingi hupokea stashahada inayotambulika, mwaka wa msingi (mwaka wa maandalizi kabla ya shahada yenyewe), au watu wazima wenye uzoefu wa kazi. Uingereza kuna stashahada ya maandalizi iitwayo Access: ina krediti 60, na 45 kati yake, za ngazi ya 3 (kiwango cha mwisho wa sekondari ya juu), hupewa madaraja. Vyuo hutazama madaraja hayo, kwa hiyo kufaulu tu huenda kusitoshe. Marekani nako sheria husomwa kwa kawaida baada ya shahada ya kwanza, ya fani yoyote.

Wengi hukwama kwa sababu hulipia kozi kwanza, kisha ndipo hutafuta chuo. Anza mwisho urudi nyuma. Chagua chuo, soma sifa za kujiunga za mwaka husika, halafu uliza kwa maandishi kama stashahada unayoitaka inakubalika kwa sheria hasa. Chuo kinaweza kuipokea kwa biashara na kuikataa kwa sheria.

Kama unalenga uwakili, uliza pia mamlaka inayosajili mawakili unakotaka kufanya kazi. Kudahiliwa chuoni hakukuhakikishii usajili, na baadhi ya mamlaka hurudi kukagua hata vyeti vya sekondari. Jibu lao lihifadhi.