Kokteli za matunda za kugandisha: baridi inaficha mengi

Kuanzia Desemba mpaka Machi hapa Dar joto linakaba, na ndo kipindi hichohicho shughuli zimejazana, send-off, kitchen party, bethidei, ndugu wametoka mikoani, na kila mwenye shughuli anataka ile kokteli nzito ya barafu ambayo unainywa nusu kwa mrija nusu kwa kijiko. Mi natengeneza hizi kwa ndugu na majirani mwaka wa sita sasa, na nilichokiona ni kwamba vifaa watu wanavyo, matunda wanayo, kinachowaharibia ni maneno waliyoyasikia mahali wakayaamini. Na ukiyafuatilia hayo maneno karibu yote yanazaliwa sehemu moja, mtu anadhani baridi inaondoa kitu. Baridi inaficha tu jamani. Inaficha utamu, inaficha pombe, inaficha uchafu, na vyote vimekaa palepale kwenye glasi vinakusubiri.

Kwanza hili la jina, nilimalize haraka. Kuna watu ukisema kokteli wanashtuka wanajua ni pombe. Nenda banda lolote la juisi uombe kokteli, unapewa parachichi, embe na pesheni kwa tabaka, hamna hata tone la kilevi. Kwahiyo kwenye shughuli ya watu wasiokunywa, au futari ikiangukia miezi ya joto, kokteli ya kugandisha inafaa kabisa na haipungukiwi kitu, tena bila pombe inaganda vizuri zaidi, nitaeleza mbele kwanini.

Sasa dhana kubwa kuliko zote, "ukitaka iwe baridi na nzito ongeza barafu". Hii niliiamini mwenyewe. Send-off moja Mbagala, Januari, nikanunua barafu ya kutosha nikaisaga na juisi ya embe, kwenye jagi ilikuwa inapendeza balaa, lakini mpaka MC anamaliza kutambulisha wazazi glasi zote zilikuwa zimejigawa, juu povu la embe, chini maji yenye rangi. Shangazi wa bibi harusi akaniita pembeni kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, embe ziliadimika?" Niliumia sana kwa sababu embe nilinunua tenga zima.

Ukweli ni kwamba barafu ni maji, na ikiyeyuka inarudi kuwa maji ndani ya kinywaji chako. Cha kugandisha ni tunda lenyewe. Unachukua embe iliyoiva vizuri isiyo na nyuzi nyingi, unamenya, unakata vipande vya ukubwa wa kiberiti, unavitandaza kwenye sinia visigusane, unaingiza friza usiku mzima. Asubuhi unavibandua unavijaza kwenye kontena lenye mfuniko. Hilo la visigusane usilidharau maana vikigusana unapata tofali moja ambalo hakuna blenda ya nyumbani italiweza, utaishia kuligonga na mchi. Siku ya shughuli, kwa glasi nne, mi naweka gramu 500 za embe ya kuganda, nusu kikombe cha juisi ya pesheni iliyochujwa, ndimu mbili, sirapu ya sukari vijiko vinne vya chakula, na maji ya baridi kidogokidogo mpaka blenda izunguke. Hapo embe ndo barafu. Ikianza kuyeyuka inarudi kuwa embe, na ladha haiendi popote.

Tikiti ndo kabisa, zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, kwahiyo vipande vya tikiti vya kuganda vinafanya kazi yote ya barafu halafu vina ladha. Nanasi za Kiwangwa nazo hivohivo ila toa ule moyo wa katikati. Ndizi menya kabla ya kugandisha, ukiigandisha na ganda lake linakuwa jeusi na kulitoa ni adhabu.

Dhana ya pili, "matunda yangu yameiva, sukari ya nini". Hii inasemwa na watu wenye nia njema kabisa wanaojali afya na ninawaelewa. Lakini ulimi ukipoa hauonji utamu kama kawaida, ndo maana aiskrimu ikiyeyuka inakuwa tamu mpaka inakera na ilikuwa tamu ya kawaida ilipokuwa imeganda. Kwahiyo mchanganyiko ukiuonja kabla ya kupoa ukaona "hapo hapo", ukishaganda utakuwa umepooza. Uonje uone umezidi kidogo tu. Afu sukari ina kazi nyingine ambayo watu hawaijui, inashusha kiwango cha baridi cha kugandia, ndo inayofanya kinywaji kibaki chenga laini badala ya kuwa jiwe. Ukiitoa yote unapata barafu ngumu yenye rangi ya embe. Kama unataka kupunguza sukari punguza kwa akili, ongeza ndizi au embe iliyoiva sana, afu tia chumvi chembe, yaani unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Sisi watu wa pwani tunakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili toka utotoni, tunajua chumvi inalifanyia nini tunda, ila tukishika blenda tunasahau.

Sasa pombe, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna maneno mawili yanazunguka na yote yanaleta madhara. La kwanza ni "ongeza pombe ndo itakolea". Pombe haigandi kirahisi, pombe kali ya asilimia 40 inahitaji kama nyuzi 27 chini ya sifuri ndo igande, na friza ya nyumbani inayofanya kazi vizuri iko kwenye 18 chini ya sifuri. Kwahiyo kila unapoongeza pombe unaivunja ile chenga, kinywaji kinakuwa uji, na mtu akiona uji anaongeza barafu, tunarudi kulekule kwa shangazi. Kipimo ninachotumia ni sehemu moja ya pombe kali kwa sehemu tano za vingine vyote, ikizidi hapo usitegemee kuganda.

La pili ndo baya zaidi, "hii ya barafu ni laini, haileweshi, ni kama juisi". Tupige hesabu pamoja. Konyagi ina asilimia 35. Ukimimina mililita 250 kwenye jagi la glasi nne, umeweka karibu mililita 88 za kilevi chenyewe, gawanya kwa nne, kila glasi ina 22. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Kwahiyo kila glasi ya "juisi" ni kama bia kubwa nzima, na bia mtu anaisikia uchungu anaenda nayo taratibu, ila hii ya embe na pesheni kwenye jua la saa nane mchana anamaliza tatu bila kukaa chini. Nimeona mama mtu mzima asiyekunywa kabisa amepewa bila kuambiwa, akashikwa na kizunguzungu anadhani ni presha, na watoto wake wanahangaika kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Hiyo sio mzaha na wala sio ukarimu. Mtu aambiwe kilichomo kabla hajapokea glasi, mwenye kuendesha gari ajue, mjamzito ajue, mwenye dini yake ajue.

Wengine wanasema kitu cha hivi lazima uwe na mashine ya mamilioni. Margarita ya kugandisha, ambayo sa hivi iko kila hoteli ya ufukweni, ilipata mashine yake ya kwanza Dallas, Marekani, mwaka 1971, na hakukuwa na maajabu, Mariano Martinez mwenye mgahawa alichukua mashine ya aiskrimu laini akairekebisha baada ya kuona mashine ya vinywaji vya barafu dukani. Leo ile mashine iko makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Alichotakiwa kukipatia ni uwiano wa sukari na pombe ili igande bila kuwa jiwe, hesabu ileile tunayopambana nayo sisi kwenye blenda zetu.

Na kwenye blenda kwenyewe, watu wanaanza na vitu vigumu chini afu wanamimina maji juu, blenda inanguruma inatoa harufu ya kuungua wanailaumu ya Kichina. Anza na majimaji, yaguse visu, kisha matunda laini, vya kuganda vije mwisho. Bonyeza uachie, bonyeza uachie, ikikwama zima kwanza ndo ukoroge na mwiko. Pesheni usisage na mbegu zake muda mrefu, mbegu zikivunjika zinaleta ukakasi na vichenga, zungusha sekunde chache uchuje.

Nimefika kwenye lile ambalo linaninyima usingizi, "vijidudu vinakufa kwenye friza", na ndugu yake "pombe inaua kila kitu". Zote mbili sio kweli. Kugandisha kunavilaza vijidudu vingi, hakuviui, barafu ikiyeyuka vinaamka na kuendelea. Kipindupindu kinaweza kusafiri ndani ya barafu na miji yetu ya pwani inakijua kipindupindu vizuri sana, hasa mvua zikianza na vyoo vikafurika. Na kuhusu pombe, ile dawa ya kutakasa mikono inatakiwa iwe na kilevi angalau asilimia 60 ndo ifanye kazi, kokteli yako hata 10 haifiki. Kwahiyo ukichukua barafu ya kuhifadhia samaki pale Feri, lile bonge lililoburuzwa chini na kufunikwa gunia, ukalivunja ukalitia kwenye jagi ukamimina na Konyagi, bado umewapa wageni wako maji machafu. Ile barafu kazi yake ni samaki na kwa samaki inafaa, ila haikutengenezwa ili mtu ainywe.

Mi nafanya hivi, maji nayachemsha mpaka yatokote kabisa dakika moja au zaidi, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndo nayagandisha kwenye vyombo safi. Kama ni maji ya chupa yaliyofungwa vizuri sawa. Matunda naosha kabla ya kukata hata kama ganda silitumii, maana kisu kinapita kwenye ganda kikiwa na vumbi lote la soko kinaingia ndani. Na kuna hili la "tunda lililoanza kuoza ndo la juisi", hapana, lililoiva kupitiliza ni sawa tena ni tamu, lakini lililoota ukungu au linalonuka chachu tupa lote, usikate upande mbaya ukabakiza mwingine kwenye tunda laini kama embe au papai, ukungu unakuwa umeshaingia kuliko jicho linavyoona.

Umeme ukikatika usikimbilie kufungua friza kuangalia. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashikilia baridi kama saa 48, ya nusu kama 24, kila ukifungua unapunguza. Ukikuta vipande bado vina chenga za barafu rudisha. Vikiwa vimeshakuwa vya uvuguvugu na vimekaa hivyo masaa, achana navyo, hata kama roho inauma.

Nanasi na maziwa sio sumu jamani, wala embe na maziwa. Kinachotokea ni kwamba nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, ukiacha mchanganyiko ukae unakuwa mchungu na unakatika, mtu anaona vile anasema sumu. Friza hairekebishi hilo. Kama unataka nanasi na maziwa, chemsha nanasi kidogo kwanza lipoe ndo uchanganye, au tumia tui la nazi unywe mapema. Na wanaosema tunda likigandishwa vitamini zote zinaisha, sehemu kubwa inabaki, embe iliyogandishwa siku ilipoiva iko vizuri kuliko ile iliyokaa siku nne juani pale soko la Mabibo.

Chupa za soda na bia msiziweke friza zikiwa zimejaa mkazisahau, maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na chupa inapasuka, na vipande vya kioo kwenye friza lenye matunda ya wageni huwezi kuvitofautisha na barafu.

Siku ya shughuli yenyewe majagi yangu yako ya aina mbili na rangi ya ndani ni ileile, embe ni embe, huwezi kujua kwa macho. Lenye pombe nalifunga utepe mwekundu kwenye mkono, linakaa meza ya peke yake ya juu watoto wasipofika, na anayemimina ni mtu mzima mmoja nimemteua toka asubuhi, naye hanywi mpaka shughuli iishe.