Elimu bila malipo haikumtoa mzazi skuli

Kila Januari, skuli zinapofunguliwa, ofisi za elimu za wilaya Unguja na Pemba hupokea malalamiko ya aina mbili. Moja ni la fedha: mzazi ametakiwa atoe mchango wa mlinzi, wa mtihani wa majaribio au wa mwalimu wa kujitolea, na mtoto amerudishwa nyumbani mpaka alipe. La pili ni la masomo: mtoto yuko darasa la nne na aya moja ya Kiswahili haimalizi. Wanaoleta la kwanza hawaji na la pili, na wanaoleta la pili hawajui la kwanza. Sisi tunaofanya ukaguzi tunayaona yote mawili yakitoka katika mzizi mmoja, nao ni skuli isiyoulizwa na mtu.

Tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Mtoto wa mkulima wa Micheweni akapata haki ya kukaa darasa moja na mtoto wa Mji Mkongwe, na hakuna anayeweza kuichezea haki hiyo. Michango iliyokuja kujengeka baadaye katika skuli za msingi nayo ilifutwa mwaka 2015, Serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja skuli. Hapo ndipo baadhi yetu tulipofahamu vibaya. Wapo wazee wanaosema wazi mbele ya mwalimu mkuu: “Sasa skuli ni ya Serikali, mimi kazi yangu kumleta mtoto.” Hapana. Kilichofutwa ni malipo. Wajibu wa mzazi kujua fedha ya skuli imeingia lini, imetumika kwa nini, na mtoto amefundishwa nini haukufutwa na tangazo lolote.

Chombo cha kuulizia kipo, nacho ni kamati ya skuli. Wengi wanadhani kamati ni watu wa kukusanya michango, na michango ilipofutwa wakaona haina kazi tena. Ndiyo maana tunakuta kamati ambazo wajumbe wake hawajakutana tangu walipochaguliwa, wengine wamehama shehia, na mwenyekiti huletewa karatasi nyumbani atie saini. Saini ya namna hiyo ni hatari kwake mwenyewe, kwa sababu hesabu ikikosa maelezo, jina lililo chini ya karatasi ndilo linaloitwa kwanza.

Mkaguzi anapofika skuli huanza na mambo haya, na mzazi yeyote anaweza kuyaanza vilevile. Ruzuku iliyoingia iwe imeandikwa katika daftari la mapato na matumizi, kwa tarehe na kiasi. Matumizi yatokane na mpango wa maendeleo wa skuli uliojadiliwa na kamati. Kila manunuzi yawe na risiti yake, na vifaa vilivyonunuliwa viandikwe vimepokewa na nani. Kumbukumbu za kikao zionyeshe nani alihudhuria na kilichoamuliwa. Muhtasari wa fedha ubandikwe ubao wa matangazo, mahali ambapo mzee aliyekuja kumchukua mtoto anaweza kuusoma bila ya kuomba ruhusa. Mwalimu mkuu mwenye hesabu safi haoni tabu kuubandika. Akisita, kamati iombe kikao kwa maandishi na iweke nakala ya barua.

Mchango wa hiari haujakatazwa. Nusu ya historia ya majengo yetu ni wananchi kunyanyua kuta hadi linta, kisha Serikali ikaezeka na kumaliza. Hilo ni jambo la heshima na liendelee. Lakini hiari ina alama zake: umekubaliwa katika mkutano wa wazee, kiasi hakikulazimishwa, risiti imetolewa, na asiyetoa jina lake halisomwi mbele ya watoto. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha, hapo hakuna tena hiari, hata kama mkutano ulipiga makofi.

Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwa utaratibu. Anza na mwalimu mkuu. Usiporidhika, nenda kwa kamati ya skuli, kisha kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Kwa Pemba, hatua inayofuata ni Ofisi ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iliyopo Chake Chake, kwa Afisa Mdhamini. Lalamiko liwe na jina la skuli, tarehe, kiasi kilichodaiwa, aliyedai na aliyepokea, na risiti kama ipo. Kama huna risiti, eleza kwamba ulinyimwa, kwani hilo peke yake linatosha kuanza kuuliza. Ukishuku rushwa, unaweza kwenda moja kwa moja ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar, bila ya kupitia kwa yeyote katika hao. Sauti inayozungushwa WhatsApp, isiyo na jina la skuli wala tarehe, si lalamiko. Tumeshafuata sauti za namna hiyo na kukuta mwalimu amechafuliwa jina bure, na aliyeirusha hayuko tayari kuandika hata mstari mmoja.

Na watu wasidhani kwamba mtumishi hufukuzwa siku hiyohiyo kwa sababu wananchi wamekasirika. Mwalimu ni mtumishi wa umma, na nidhamu yake inaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Hupewa tuhuma kwa maandishi, hupewa nafasi ya kujitetea, kisha ndipo hatua huchukuliwa, kuanzia onyo mpaka kufukuzwa kazi kwa makosa mazito. Ikionekana kuna jinai, faili hutoka kwetu na kwenda kwenye vyombo vinavyohusika. Inachukua muda. Muda huo unamlinda mwalimu asiye na kosa, na hata ushahidi wako unapata kusikilizwa kama inavyopasa.

Nimekaa sana kwenye fedha kwa sababu ndiko simu nyingi zinakotoka. Lakini la pili, la mtoto asiyesoma, linaniuma zaidi, na halina walalamikaji wa kutosha. Wazee hungoja matokeo ya kidato cha pili ndipo washtuke, ilhali tatizo lilianza darasa la pili na lilikuwa linaonekana kwenye daftari. Lifungue daftari. Kama kurasa za hesabu zimeishia mwezi wa tatu na sasa ni wa sita, nenda kaulize. Mwalimu ana azimio la kazi na andalio la somo, na anaweza kukueleza amefika wapi. Mtaala wa umahiri, unaomtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, unaendelea kuingizwa, na baadhi ya wazee wanalalamika kwamba watoto “wanachezeshwa tu”. Mtoto wa darasa la kwanza anayepanga vifuniko vya chupa anajifunza kuhesabu. Muulize akuonyeshe alichojifunza kabla ya kumlaumu mwalimu wake.

Ipo pia saa inayopotea nyumbani. Skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, zina muda mfupi wa masomo kwa kila mtoto, na majengo ya ghorofa yaliyojengwa miaka ya karibuni yamelengwa kupunguza hali hiyo. Jengo jipya halimfundishi mtoto ambaye hayupo. Msimu wa karafuu unapochanganya Pemba, madaftari ya mahudhurio huwa na matundu wiki nzima. Mwengine amepelekwa dago, yaani kambi ya muda ya kazi, na mjomba wake, mwengine analea mdogo wake kwa sababu mama yuko kwenye mwani. Tunaijua hali ya maisha, wala hatuisemi kwa dharau. Lakini mtoto aliyekosa wiki tatu za kusoma sauti za herufi harudi akazikuta zinamngoja, kwani darasa limeshasonga mbele. Sheha anaweza kusaidia hapa kuliko mkaguzi, kwa sababu anazijua nyumba. Na msichana aliyepata ujauzito asifichwe ndani kwa kudhani mlango umefungwa. Kwa Zanzibar, anaruhusiwa kurudi skuli baada ya kujifungua, na mzazi anapaswa kufika kwa mwalimu mkuu mapema ili nafasi yake itunzwe.

Kwa wajumbe wa kamati waliochaguliwa karibuni: kabla ya kikao chenu cha kwanza, mwombeni mwalimu mkuu aje na taarifa ya benki, daftari la mapato na matumizi, na daftari la mahudhurio ya walimu na wanafunzi la muhula uliopita. Kama kikao kitafanyika bila ya hivyo vitatu, kiandikwe hivyo katika kumbukumbu, na nakala ipelekwe kwa Afisa Elimu wa Wilaya.